Kutoka Tanga hadi Gotha: Ukoo wa Perthes na Ramani ya Uzigua

Maneno mawili yanayohusika sana na mada ya mhadhara huu yote yana asili ya baharini. La kwanza ni ramani. Katika Kiajemi, rahnama ni kitabu cha njia, yaani kitabu kinachomwonyesha msafiri aendako. Waarabu wa Oman na Ghuba walilichukua neno hilo, wakalitamka rahmani, na kwalo wakaliita daftari la nahodha lenye nyota, bandari, vina vya maji na majira ya pepo. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki lilipungua sauti moja, likabaki ramani. La pili ni kamusi. Kwa Kiarabu qamus ni bahari kuu, na al-Firuzabadi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1415, aliiita kamusi yake al-Qamus al-Muhit, bahari izungukayo. Umaarufu wa kitabu hicho ulilifanya jina lake liwe jina la vitabu vyote vya aina hiyo. Mswahili anapotaja ramani na kamusi, basi, hutumia lugha ya mabaharia, ajue au asijue.

Mada yenyewe ni biashara ya vitu hivyo, ramani na vitabu vya rejea, kama ilivyoendeshwa na ukoo mmoja wa mji mdogo wa Gotha, Ujerumani, kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili. Nchi itakayotumiwa kuipima biashara hiyo ni Uzigua, ile iliyoko baina ya mto Pangani upande wa Korogwe na mto Wami upande wa kusini, ambamo leo mna Handeni na Mkata. Uchaguzi huu wa mahali una sababu. Ramani moja iliyotoka katika nyumba ya ukoo huo mwaka 1856, ambayo ilibadili mwenendo wa safari za Wazungu katika Afrika, ilijengwa juu ya habari zilizokusanywa Tanga na katika miji mingine ya pwani, kwa watu waliozoea kuvuka Uzigua na bonde la Pangani kwa miguu. Swali ni jepesi kuliuliza: mali iliyotokana na habari hizo ilikuwa ya nani?

Jina la Mkata peke yake latosha kuonyesha ugumu wa kazi ya mtunga atlasi. Iko Mkata ya Handeni, katika barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, mahali inapochepuka barabara ya kilomita 54 kwenda Handeni mjini, na kutoka hapo kilomita 65 nyingine hadi Korogwe. Na iko Mkata ya Morogoro, mto na mbuga, ambayo Stanley aliivuka mwaka 1871 wakati wa mvua za masika, akateseka katika matope yake na kuiandika Makata. Juu ya hayo, katika Kiswahili mkata ni maskini, na vilevile ni mtu akataye kitu. Mchoraji akaaye Ulaya, aliyeletewa barua mbili za wasafiri wawili wasiojuana, angejuaje kama wanataja mahali pamoja au pawili? Kampuni ya ramani hujenga jina lake, au hulipoteza, kwa jinsi inavyoyajibu maswali madogo ya namna hii, maelfu kwa maelfu, kwa miaka mingi mfululizo.

Nyumba ya Perthes

Johann Georg Justus Perthes alizaliwa mwaka 1749 na kuanzisha kampuni yake Gotha mwaka 1785. Hakuanza na ramani. Alianza kwa kupata haki ya kuchapisha kitabu cha mwaka kilichokuwapo tangu 1763, ambacho kilikuja kujulikana kote Ulaya kwa jina la Almanach de Gotha. Kitabu hicho kiliorodhesha nasaba za wafalme na watawala, nani amezaa nani, nani ameoa wapi, nani amefariki, na baadaye kikaongezewa habari za mabalozi na takwimu za madola. Msomaji wa pwani atakayekumbuka jinsi nasaba zilivyotunzwa Pate na Lamu, na jinsi zilivyoamua nani anastahili kukaa juu ya nani, hataona ajabu kwamba kitabu cha nasaba kiliweza kumtajirisha mtu. Wafalme hawaachi kuzaliwa wala kufa, kwa hiyo kila mwaka kitabu cha mwaka uliopita kilichakaa na kipya kilinunuliwa.

Faida hiyo ya kila mwaka ndiyo iliyolipia kazi ya ramani, kazi ambayo hula fedha nyingi kabla ya kurudisha senti moja. Perthes mwanzilishi alifariki mwaka 1816, wakati atlasi kubwa iliyotungwa na Adolf Stieler ilikuwa inaandaliwa. Mwanawe Wilhelm, aliyeiongoza nyumba hadi kifo chake mwaka 1853, ndiye aliyeifanya kuwa kampuni ya jiografia. Chini yake zilitoka sehemu za atlasi ya Stieler, atlasi ya kihistoria ya Spruner, ramani za ukutani za Emil von Sydow kwa ajili ya shule, na kati ya 1838 na 1848 atlasi ya maumbile ya dunia ya Heinrich Berghaus, iliyoonyesha pepo, mikondo ya bahari, mimea na lugha za watu. (Asichanganywe Wilhelm huyu na jamaa yake Friedrich Perthes, muuza vitabu mashuhuri aliyehamia Gotha pia, nyumba zao zilikuwa mbili.)

Inafaa kueleza kwa kirefu kidogo jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa, kwa sababu siri ya ukuaji imo humo. Ramani ilichongwa kinyume katika sahani ya shaba, kila herufi na kila kilima kwa mkono, na sahani moja iliweza kumshughulisha fundi kwa miezi mingi. Lakini shaba ina fadhila ambayo jiwe na mbao hazina: inasahihishika. Habari mpya ilipofika kwamba mto fulani haupiti pale ulipochorwa, sahani iligeuzwa, ikagongwa kwa nyuma mpaka mahali palipokosewa pakainuka na kusawazika, kisha mto ukachongwa upya. Sahani za Stieler ziliishi hivyo kwa miongo mingi, zikibadilika kidogo kidogo kama nyumba inayokaliwa huku ikikarabatiwa. Rangi za mipaka zilipakwa kwa mkono, nakala baada ya nakala, na kazi hiyo ilifanywa zaidi na wanawake wa Gotha. Atlasi iliuzwa kwa sehemu, chache kila mara, hivi kwamba mwalimu mwenye mshahara mdogo aliweza kuimiliki kwa kulipa pole pole, na kampuni ikapata fedha za kuchonga sehemu zinazofuata.

Kwa mpango kama huo, bidhaa ya kweli ni habari. Karatasi na shaba ni vyombo vyake tu. Bernhardt Perthes, mjukuu wa mwanzilishi, alilitambua jambo hilo vizuri kuliko baba zake. Mwaka 1854 alimwajiri August Petermann, aliyejifunza uchoraji kwa Berghaus huko Potsdam na kufanya kazi Edinburgh na London, na mwaka 1855 wawili hao wakaanzisha jarida ambalo kwa kifupi liliitwa Mitteilungen za Petermann. Jarida lilipokea barua za wasafiri, wamisionari, mabalozi na wanamaji kutoka pembe zote za dunia, likazichapa pamoja na ramani mpya, na kile kilichothibitika kikaingizwa katika sahani za Stieler. Mwandishi alipata heshima ya kuona jina lake, na kampuni ikapata habari ambazo hakuna mshindani aliyekuwa nazo. Petermann aliacha mahali pasipojulikana pawe peupe, na weupe huo uliwatia watu hamu ya kwenda kuujaza. Bernhardt mwenyewe hakuyaona matunda mengi ya werevu huo, maana alifariki mwaka 1857 akiwa na umri wa miaka 36. Mwanawe aliyezaliwa baada ya kifo chake, naye akapewa jina la Bernhard, alilelewa wakati wasimamizi wakiitunza nyumba mpaka alipokua.

Bahari ya Uniamesi

Wamisionari watatu Wajerumani waliotumwa na chama cha Kiingereza cha CMS waliishi Mombasa na Rabai katika miaka ya 1840 na 1850: Johann Ludwig Krapf, aliyefika 1844, Johannes Rebmann, aliyefika 1846, na Jakob Erhardt, aliyefika 1849. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na taarifa yake juu ya theluji ilikanushwa vikali na mtaalamu W. D. Cooley aliyekaa London. Krapf alikwenda Usambara mara mbili, 1848 na 1852, kwa Kimweri ye Nyumbai aliyetawala kutoka Vuga. Mwaka 1853 Erhardt naye alikaa miezi kadhaa kwa Kimweri, na mwaka uliofuata akakaa Tanga.

Tanga ya wakati huo haikuwa mji mkubwa, lakini ilikuwa mlango. Kutoka Tanga na Pangani misafara ya pembe za ndovu ilipanda bonde la mto, ikapita nchi ya Wazigua na chini ya milima ya Usambara, ikaelekea Umasaini. Kutoka Saadani na Bagamoyo misafara mingine iliingia Unyamwezi hadi Ujiji. Kutoka Kilwa ilikwenda ziwa Nyasa. Erhardt aliwauliza watu wa njia hizo. Hakuwa na chombo cha kupimia. Kipimo alichopewa kilikuwa siku za mwendo, vituo vya maji na majina ya wenye miji. Kila aliyeulizwa, wa njia yoyote, alisema kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Erhardt na Rebmann wakayaunganisha maji yote matatu yakawa ziwa moja lililopinda kama konokono asiye na gamba, likianzia karibu na ikweta na kushuka mbali kusini. Wakaliita Bahari ya Uniamesi.

Ramani hiyo ilichapwa na Perthes katika Mitteilungen za 1856, pamoja na maelezo ya Erhardt. London pia iliipokea, na mjadala uliozuka ndio uliowafanya Burton na Speke watumwe na Shirika la Jiografia la Kifalme. Mapema mwaka 1857 walipanda bonde la Pangani hadi kwa Kimweri, kisha wakaingia bara kwa njia ya Bagamoyo. Mwezi Februari 1858 walifika Ujiji, na katikati ya mwaka huo Speke peke yake akaliona ziwa aliloliita Victoria. Bahari moja ikavunjika ikawa maziwa matatu.

Waandishi wengi wa historia ya jiografia wamelitaja kosa hili kwa kicheko. Mwanaisimu hana sababu ya kucheka. Majina Nyasa, Nyanja na Nyanza ni neno moja katika matamshi ya lugha mbalimbali za Kibantu, na maana yake ni ziwa au maji mapana. Mtu wa njia ya Kilwa alisema Nyasa; mtu aliyesikia habari za Wasukuma alisema Nyanza; na Mswahili aliyewatafsiria akasema bahari, neno ambalo humtosha kwa maji yoyote ambayo jicho halifiki ng'ambo yake. Jina la kawaida lilichukuliwa kuwa jina la pekee. Aliyesikia neno lile lile katika njia tatu, na ambaye hakuwa bado na sarufi linganishi ya lugha hizo (haikuwapo ya kutosha), alikuwa na haki ya kudhani kwamba anaelezwa kitu kile kile. Wasafiri wa Kiswahili hawakudanganya. Kila mmoja alisema kweli kuhusu njia yake, na vituo vyao vya safari vilipokuja kupimwa na wengine vilionekana kufuatana vizuri.

Hapa ndipo swali la mali linapochomoza. Kichwa cha ramani ya Erhardt na Rebmann kinakiri kwamba habari zilitoka kwa wenyeji wa bara na wafanyabiashara Waislamu. Ni ungwana kukiri hivyo, na si kila ramani ya karne ile ilifanya hivyo. Lakini majina mawili yaliyobebwa na ramani ni ya wamisionari. Inafaa kulinganisha na jambo lililotokea miaka kumi na minne baadaye, wakati mmisionari Thomas Wakefield alipochapisha London, mwaka 1870, njia za misafara kutoka pwani hadi bara. Yeye alimtaja mtoa habari wake mkuu kwa jina: Sadi bin Ahedi. Kwa sababu hiyo tu, Sadi amebaki katika historia ya sayansi, na watafiti wa Umasai wa kale bado wanamrejelea. Watu wa Tanga waliokaa barazani na Erhardt mwaka 1854 hawakupata hata hilo.

Isidhaniwe kwamba Perthes aliwaibia. Katika mpango wa kampuni yake, Erhardt mwenyewe alikuwa mtoa habari, na malipo ya mtoa habari yalikuwa jina lake kwenye karatasi. Mswahili aliachwa nje ya mpango kwa kuwa alikuwa hatua moja nyuma ya yule aliyeandika barua. Hilo ni jambo la muundo wa biashara, si la nia mbaya ya mtu, na kwa hiyo ni gumu zaidi kulirekebisha.

Jina juu ya karatasi

Uzigua uliingia katika maandishi ya Wazungu kwa sura nyingi. Burton aliandika Uzegura. Wajerumani waliandika Usegua na Useguha, wakitumia herufi s mahali pa z, kama walivyoandika Sansibar. Kadhalika Vuga ikawa Wuga na Mazinde ikawa Masinde. Wenyewe husema Uzigula, kwa l ambayo Mswahili huiacha. Jina Usambara ni Kiswahili cha pwani kilichopewa nchi ambayo wenyeji wake huiita Shambaai. Kwa hiyo mtu akiisoma ramani ya zamani kwa makini ataweza kumtambua mkalimani aliyesimama kati ya mwenyeji na Mzungu, hata kama jina lake halikuandikwa: herufi zenyewe zinamtaja.

Tatizo la pili lilikuwa la majina yanayoanza na kwa. Handeni hadi leo imejaa majina hayo: Kwamsisi, Kwamkono, Kwamatuku, Kwaluguru, Kwachaga, Kwedizinga. Asili ya umbo hili ni mji kuitwa kwa jina la mwenyewe, kwa fulani. Mwenye mji akifa au akihama, jina laweza kwenda naye. Msafiri wa mwaka mmoja aliandika kwa huyu. Wa miaka kumi baadaye, akipita pale pale, aliandika kwa yule. Na Gotha au Berlin mchoraji akaweka miji miwili penye mji mmoja. Majina mengine yalishikwa na karatasi yakakaa, hivi kwamba mtu wa karne ya kumi na tisa ambaye habari zake zimesahauliwa na wote bado anatajwa kila siku na utingo wa basi.

Hata hivyo, jina juu ya karatasi lilikuwa na uzito mkubwa kuliko huo. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters na wenzake waliingia bara kutoka Saadani wakakusanya mikataba yenye alama za watu ambao hawakuweza kuisoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari alitoa hati ya ulinzi, na nchi nne zikatajwa ndani yake: Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Nchi ambayo haina jina katika ramani haiwezi kutajwa katika hati. Wakati hati hiyo inatolewa, jina la Uzigua lilikuwa limekwisha kuwekwa mbele ya macho ya msomaji wa Kijerumani kwa karibu miaka thelathini. Mwaka huo huo wa 1885 nyumba ya Perthes ilianza kutoa ramani maalumu ya Afrika ya Hermann Habenicht, katika karatasi kumi, kwa kipimo cha 1:4,000,000.

Mshindani wa Berlin

Ukoloni ulipaswa kuwa neema kwa Perthes, na kwa kiasi fulani ulikuwa. Paul Langhans alitunga kwa ajili ya nyumba hiyo atlasi ya makoloni iliyotoka kati ya 1893 na 1897. Mchoraji wake stadi Bruno Hassenstein alizigeuza kuwa ramani hesabu za Oscar Baumann, Mwaustria ambaye mwaka 1888 alisafiri Usambara pamoja na Hans Meyer, wakakamatwa na wafuasi wa Abushiri bin Salim wakati pwani ilipoinuka dhidi ya Wajerumani, na kuachiliwa kwa fidia. Matokeo ya ramani ya safari yake ya Umasaini yalichapwa Gotha mwaka 1894.

Lakini kitabu cha Baumann kuhusu Usambara na nchi jirani, ambacho ndicho chenye habari nyingi za bonde la Pangani, kilichapwa Berlin mwaka 1891 na nyumba nyingine, ya Dietrich Reimer. Reimer naye alikuwa mtoto wa mchapishaji na alianzisha kampuni yake mwaka 1845. Tofauti ni kwamba nyumba yake haikubaki ndani ya ukoo. Kuanzia 1891 aliingia Ernst Vohsen, ambaye mwaka 1888 alikuwa mwakilishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile iliyokodishiwa pwani na Sultani Khalifa. Vohsen alizijua ofisi za serikali, na kazi za serikali zikaenda kwake. Ramani kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya kipimo cha 1:300,000, iliyosimamiwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, ilitoka kwa Reimer. Ndiyo ramani ya kwanza ambayo ndani yake vijiji vya Handeni na Korogwe vinaonekana kimoja kimoja na njia zao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, wakati karatasi za ramani hiyo zikiendelea kutoka.

Kwa wanafunzi wa lugha, Reimer ana jambo jingine. Nyumba hiyo hiyo iliyochapa vijiji vya Uzigua ilichapa pia sarufi linganishi ya Carl Meinhof mwaka 1906, na tangu 1910 jarida la lugha za makoloni. Isimu ya Kibantu na ramani za kikoloni zililala katika ghala moja. Ile sarufi ambayo ingemwokoa Erhardt na bahari yake ilikuja nusu karne baadaye, ikiwa imefuatana na bendera.

Perthes, kwa upande wake, alibaki na Stieler, shule na jarida. Toleo la tisa la Stieler, la 1901 hadi 1905, lilikuwa na ramani mia moja na liliuzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu. Kukosa kazi za serikali kulionekana hasara wakati ule. Baada ya 1919, Ujerumani ilipopoteza makoloni yote, atlasi ya dunia iliendelea kuuzika huku ramani za makoloni zikigeuka kumbukumbu. Kwa kweli hata maadui walizitumia: majeshi ya Smuts yalipoingia Handeni mwezi Juni 1916, ramani za eneo hilo zilizoweza kutegemewa zilikuwa za Kijerumani.

Nyumba inatoka mikononi mwa ukoo

Bernhard, yule aliyezaliwa yatima, aliongoza hadi 1919, akafuatwa na mwanawe Joachim. Almanach de Gotha ilikoma mwaka 1944. Vita vilipokwisha Gotha ikawa chini ya Warusi. Ukoo ulihamia magharibi na kuanzisha kampuni upya Darmstadt mwaka 1953, na ile ya Gotha ikataifishwa, na mwaka 1955 ikapewa jina la Hermann Haack, mchora ramani aliyekuwa ameitumikia tangu ujana wake. Kwa miaka karibu arobaini nyumba moja iliishi maisha mawili: moja ya ukoo bila sahani zake, na moja ya dola yenye sahani lakini bila ukoo. Mwaka 1992, baada ya Ujerumani kuungana, ukoo uliuza kwa kampuni ya vitabu vya shule ya Klett. Jarida la Petermann lilikoma mwaka 2004.

Tanzania nayo ilipita njia yake. Atlasi ya Tanganyika ilitolewa na idara ya ardhi na upimaji mwaka 1942. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikuwa imekwisha kuimarisha tahajia sanifu, na pamoja nayo Useguha ikatoweka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Si jambo dogo kwamba vitabu hivi vikuu vya rejea, tofauti na vile vya Gotha, vilitoka kwa idara na taasisi, si kwa ukoo. Taasisi haifi baba yake akifa. Lakini pia haina Almanach ya kulipia kazi ya miaka ishirini, na kila anayefanya kazi ya leksikografia anajua mwaka wa bajeti una miezi mingapi. Ukoo wa Perthes uliweza kungoja. Subira hiyo ndiyo mali ambayo ni ngumu zaidi kuiiga.

Mwaka 2003 jimbo la Thuringia lilinunua hazina yote ya kampuni: ramani zipatazo 185,000, vitabu vipatavyo 120,000, mita 800 za faili za barua na michoro, na sahani za shaba. Vinatunzwa Gotha chini ya maktaba ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Erfurt, katika majengo yale yale ya zamani ya kampuni. Barua za kampuni na watoa habari wake zimo katika faili hizo, na kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua nani hasa alizungumza na nani katika pwani ya 1854 ana mahali pa kuanzia. Atakayekwenda huko kutoka Handeni au Korogwe asitafute Uzigua. Atafute Usegua, Useguha na Uzegura, na kwa Vuga atafute Wuga na Fuga. Akikuta Makata, atazame kwanza iko upande upi wa mto Wami kabla ya kuinakili.